Bab Zuweila: Lango Lililobeba Vichwa na Minara

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana na wazazi wao baada ya sala ya tarawehe. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, isipokuwa pale ilipobidi kufupisha.)

 



Najua mmetoka kusimama rakaa nyingi, miguu imechoka, na wengine hapa akili iko kwenye daku. Sitawaweka sana inshallah. Nimeombwa nizungumzie historia yetu. Na sisi kila Ramadhani tukitajiwa historia, tunakwenda Badr, tunakwenda Fat-hu Makka, halafu tunaruka mbio mpaka Ain Jalut, tunapiga takbiri, tunakwenda nyumbani. Basi leo hatutaruka. Tutasimama mahali pamoja, chini ya lango moja la mawe katika mji wa Cairo, tuangalie nani alipita hapo na nani hakupita.

Lango hilo linaitwa Bab Zuweila. Ukitoka msikiti wa al-Azhar, ukavuka barabara ukashika mtaa wa Ghuriyya kuelekea kusini, katikati ya maduka ya vitambaa na mitandio, baada ya dakika kumi au kumi na tano utaliona mbele yako limeziba njia yote. Vijana wetu wa Kenya waliosoma Azhar wanalijua, wengine wamepita hapo kila siku wakienda sokoni. Ni buruji mbili kubwa zenye uso wa mviringo, na katikati yake njia yenye tao. Juu ya kila buruji umesimama mnara wa msikiti, mwembamba, mrefu, kama mishumaa miwili. Mgeni anadhani vyote vilijengwa pamoja. Kumbe lango lina umri wa zaidi ya miaka mia tatu kuliko minara hiyo. Tutafika huko.

Kwanza jina. Zuweila ni kabila la Mabarbari kutoka Fazzan, upande wa Libya ya leo. Mwaka 969 jeshi la Mafatimi lilitoka Tunisia chini ya jemadari Jawhar likaiteka Misri. Mafatimi walikuwa Mashia wa Kiismaili, na Jawhar ndiye aliyeujenga mji wa al-Qahira, na al-Azhar ndani yake. Mji wenyewe haukuwa wa kila mtu. Ulikuwa wa khalifa, jeshi lake na watu wake; raia wa kawaida walikaa Fustat, kusini. Kila kikosi kilipewa mtaa wake, na watu wa Zuweila wakapewa wao, na lango likachukua jina lao.

Ukuta wa Jawhar ulikuwa wa matofali ya udongo. Khalifa al-Mu'izz mwenyewe aliingia mjini mwaka 973, na mwezi ulikuwa huu huu wa Ramadhani. Lango la wakati huo lilikuwa na matao mawili, ubavu kwa ubavu. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyeandika karne ya 15, anasimulia kwamba al-Mu'izz alipita tao moja, basi watu wote wakawa wanapita hilo hilo wakitaka baraka, na tao la pili wakaliepuka. Wakasema anayepita huko haja yake haitimii. Lilikuwa tao zima, halina kosa lolote! Lakini likafa kwa maneno ya watu. Lango hilo la mwanzo halipo tena.

Hili tunaloliona lilijengwa kwa sababu ya njaa na hofu. Kuanzia mwaka 1065 hivi Misri ilipata dhiki ya miaka saba. Mto Nile haukujaa inavyostahili, mavuno yakakosekana, na askari waliokuwa hawalipwi wakaanza kuliibia hazina kasri la khalifa. Khalifa al-Mustansir akabakia hana kitu. Mwishowe akamwandikia gavana wa Akka, mtu aliyeitwa Badr al-Jamali, Muarmenia aliyepata kuwa mtumwa, aje amuokoe. Badr akaja kwa bahari katikati ya msimu wa baridi, wakati mabaharia hawasafiri. Akaingia Cairo mwanzoni mwa 1074, akawamaliza makamanda waliokuwa wakiisumbua nchi, akawa yeye ndiye mwenye amri.

Miaka mitatu baadaye adui kutoka Sham alifika karibu na mji akarudishwa. Badr akaona udongo hautoshi. Akajenga ukuta wa mawe, akausogeza nje zaidi ya ule wa zamani, na akaweka malango. Bab al-Nasr na Bab al-Futuh upande wa kaskazini yalijengwa mwaka 1087, na Bab Zuweila upande wa kusini mwaka 1092. Maqrizi anasema waashi wake walikuwa ndugu watatu kutoka mji wa Ruha, ambao leo uko Uturuki na unaitwa Urfa. Na ukiyaangalia mawe unasadiki kwamba watu hawa walijua kazi. Yamechongwa yakakaa jiwe kwa jiwe, na theluthi mbili za chini za kila buruji si vyumba, ni jiwe limejaa tupu. Juu kabisa, kama mita 24 kutoka ardhi ya wakati ule, kuna kiwanja cha walinzi. Ukiingia chini ya tao unatazama juu unaona kuba, na kwenye mbavu za njia kuna matao madogo yenye mapindo kama maua. Hayo ni mapambo ya Afrika Kaskazini, kumbukumbu ya kule Mafatimi walikotoka.

Milango yenyewe ni mbao mbili kubwa zilizovikwa mabamba ya chuma. Haina bawaba. Inazunguka kwa ncha zake, moja chini moja juu, kama milango ya kizamani ya Lamu, ila hii uzito wake ni wa tani.

Kuna jambo moja Badr alifanya linanifurahisha. Mbele ya lango aliweka mteremko wa mawe magumu laini, ili jeshi la adui likija kwa kasi farasi wateleze waanguke. Hila nzuri. Ikakaa zaidi ya miaka mia moja, mafatimi wakaondoka, Salahuddin akaja mwaka 1171 akaumaliza utawala wao, wakaja warithi wake. Siku moja Sultani al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin, akawa anapita hapo, farasi wake akateleza. Akaamuru mteremko ubomolewe. Yaani katika miaka yote hiyo, farasi tunayemsoma kitabuni kwamba aliteleza hapo ni wa mwenye mji!

Sasa tuje kwenye Ramadhani ya mwaka 658 Hijria, 1260 Miladia. Hapa nitaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kufika.

Wamongoli walikuwa wameiangusha Baghdad Februari 1258. Wakamuua khalifa, wakaua watu wasiohesabika. Wakaingia Halab, wakaingia Damascus. Kisha Hulagu akatuma wajumbe Cairo na barua ya vitisho: jisalimisheni. Sultani alikuwa Qutuz, Mamluki, hajamaliza hata mwaka kwenye kiti. Maamiri wengi walikuwa wanatetemeka, na wengine walitaka kusalimu amri. Qutuz akaamuru wajumbe wale wauawe, na vichwa vyao vikatundikwa Bab Zuweila. Halafu akatoka na jeshi, na tarehe 25 Ramadhani, yaani 3 Septemba, pale Ain Jalut katika Palestina, akawavunja. Jemadari wao Kitbuqa akauawa. Wamongoli walirudi Sham zaidi ya mara moja baada ya hapo, lakini Misri hawakuipata.

Huu ni ushindi mkubwa, hakuna wa kuupinga. Lakini kijana mmoja aliniambia hivi: "Sheikh, mimi ninachokipenda katika kisa hiki ni vile vichwa langoni. Hao ndio walikuwa wanaume." Nikamuuliza, unajua dini yetu inasemaje kuhusu mjumbe? Akanyamaza.

Ndugu zangu, wajumbe wa Musaylima walikuja kwa Mtume (S.A.W.). Musaylima, yule mwongo aliyedai utume. Na wajumbe wake wakakiri mbele ya Mtume mwenyewe kwamba wanamuamini. Mtume akawaambia kwa maana hii: lau si kwamba wajumbe hawauawi, ningewakata shingo. Wakarudi wazima. Hadithi hii imo katika Abu Daud. Basi sheria ya mjumbe haikuanza kwenye Umoja wa Mataifa, wala hatukufundishwa na Wazungu. Tunayo sisi.

Na hasara yake ilikuwa inajulikana. Mwaka 1218 msafara wa wafanyabiashara wa Genghis Khan uliuliwa katika mji wa Otrar, kwa idhini ya mfalme wa Khwarazm, ambaye alikuwa Muislamu. Genghis akatuma wajumbe kudai haki, na mfalme akaua mjumbe. Mnajua kilichofuata. Bukhara, Samarkand, Merv, Nishapur. Watu waliolipia hawakuwa mfalme peke yake. Alilipia mwanamke aliyekuwa anauza mkate sokoni.

Atasema mtu, Qutuz alikuwa na sababu. Ndio, alikuwa nayo. Baada ya vichwa vile kupanda langoni, hakuna amiri aliyeweza tena kusema tusalimu amri. Mlango wa kurudi nyuma ulifungwa. Wanahistoria wengi wanaona hivyo na mimi naona wana haki. Lakini kueleza sababu ya jambo si kulihalalisha. Alilolifanya Ain Jalut tunamuombea malipo mema, na alilolifanya Bab Zuweila tunasema halikuwa katika mwendo wa Mtume. Yote mawili yaliyafanya mikono ile ile.

Kwa nini nalishikilia sana jambo hili? Kwa sababu hapa kwetu tumeona vijana wakijiwa na watu wenye historia nusu. Wanapewa vichwa, hawapewi hadithi ya Abu Daud. Wanapewa Ain Jalut, hawaambiwi kilichotokea wiki chache baadaye. Na kuna mama hapa pwani yetu mpaka leo hajui mtoto wake yuko wapi, kwa sababu ya hadithi nusu kama hizo zilizosimuliwa usiku na mtu mwenye ulimi mtamu.

Kilichotokea wiki chache baadaye ni hiki. Mji wa Cairo ulipambwa kumpokea Qutuz. Mitaa ikatandazwa vitambaa. Njiani, mwezi Oktoba, maamiri wake mwenyewe wakamuua, na Baybars alikuwa miongoni mwao. Watu walikuwa wanamngojea Qutuz, akaingia Baybars akiwa sultani, na mapambo yale yale.

Haya, tuendelee, maana lango halikuishia hapo.

Kando ya lango, kwa ndani, palikuwa na gereza lililoitwa Khizanat Shama'il. Gereza baya, hilo ndilo jina lililobakia. Katika fitina za maamiri wa mwisho wa karne ya 14, alifungwa humo Mamluki kijana aliyeitwa Shaykh. Chawa na viroboto walimla usiku kucha. Akaweka nadhiri: Mwenyezi Mungu akinitoa humu na akanipa utawala, mahali hapa nitapafanya msikiti na madrasa. Mwaka 1412 akawa Sultani al-Mu'ayyad Shaykh. Mwaka 1415 kazi ya ujenzi ikaanza na gereza likabomolewa.

Tunamsifu kwa kutimiza nadhiri. Lakini tukae wakweli: mlango mkubwa wa shaba wa msikiti huo aliutoa katika msikiti wa Sultani Hasan, akalipa pesa kidogo sana kwa kitu kisichokuwa cha kuuzwa. Ni mali ya wakfu ile. Wazee wetu wa kamati wanaelewa ninachosema.

Minara ilihitaji mahali pa kusimama, na fundi wake, Muhammad ibn al-Qazzaz, akaona buruji za Bab Zuweila zipo tayari, jiwe limejaa. Akaiweka juu yake. Jina lake ameliandika kwenye minara pamoja na tarehe, jambo ambalo mafundi wa zamani hawakulifanya mara nyingi. Lakini kabla ya hapo palitokea mkasa. Mwaka 1418 mnara mmoja ukaanza kuinama, mawe yakaanguka, ikabidi ubomolewe. Lango likafungwa siku thelathini, na Maqrizi anasema jambo kama hilo halijapata kutokea tangu Cairo ijengwe.

Sasa sikilizeni hii, nyinyi wanafunzi wa madrasa. Katika msikiti huu walisomesha maulamaa wawili. Mmoja ni Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Fat-hul Bari. Wa pili ni Badruddin al-Ayni, mwenye Umdatul Qari. Vitabu vyote viwili ni sharhi ya Bukhari, na mpaka leo vimo kwenye makabati ya masheikh zetu. Mnara ulipoinama, Ibn Hajar akatunga shairi la mzaha kwamba hakuna kilichoudhuru ila "ayn", yaani jicho, na kila mtu akaelewa kwamba anamchokoza al-Ayni. Al-Ayni naye akajibiwa? Hapana, akajibu mwenyewe: si jicho, ni ubovu wa "hajar", yaani jiwe. Mji mzima ukacheka. Na pamoja na vijembe hivyo walikaa mji mmoja, na hakuna aliyemkufurisha mwenzake. Sisi tunavunja misikiti vipande viwili kwa ajili ya mwandamo wa mwezi.

Mnara ukajengwa upya, na yote miwili imesimama mpaka leo.

Miaka mia moja baadaye, Januari 1517, Sultani Selim wa Waothmani aliwashinda Wamamluki nje ya Cairo. Tuman Bay, sultani wao wa mwisho, aliendelea kupigana mpaka akasalitiwa na sheikh wa Mabedui aliyekimbilia kwake. Aprili 1517 akapitishwa mjini juu ya mnyama hadi Bab Zuweila. Watu walisimama kandokando ya njia na yeye alikuwa akiwasalimia. Alipofika chini ya lango akaona kamba. Ibn Iyas, aliyekuwa hai Cairo wakati huo, ameandika kwamba Tuman Bay aliwageukia watu akawaomba wamsomee Fatiha mara tatu. Akaisoma yeye na wakaisoma wao. Kamba ikakatika, ikafungwa tena, ikakatika, na ya tatu ikamaliza. Watu wakapiga ukelele. Siku tatu mwili wake uliachwa ukining'inia.

Aliyenyongwa ni Muislamu, aliyenyonga ni Muislamu, na Fatiha ilisomwa baina yao. Nafikiri hapo sina la kuongeza.

Karne zilizofuata lango likapoteza kazi ya kulinda, mji ukalipita ukaenda mbali. Watu wa mtaani wakaliita Bawabat al-Mitwalli, wakaamini kwamba walii mmoja mkubwa anakaa nyuma ya ubao wa mlango. Mwenye kuumwa na jino alilileta jino lake hapo. Mwenye kichwa alipigilia msumari. Mwenye mgonjwa alifunga kitambaa cha nguo yake. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo miaka ya 1830, aliyaandika hayo kwa mshangao. Msicheke sana. Hapa kwetu mibuyu mingapi imefungwa vitambaa vyekundu? Mapango mangapi yana chupa za marashi? Mama mwenye mtoto mgonjwa na asiye na pesa ya daktari, kwanza mpe pesa ya daktari, halafu ndio umsomeshe tauhidi.

Kuanzia 1998 hadi 2003 lango lilikarabatiwa na taasisi ya utafiti ya Kimarekani iliyoko Misri, pamoja na wakuu wa mambo ya kale wa nchi hiyo. Barabara ilikuwa imepanda kwa karne za vumbi na takataka hadi milango ikazikwa sehemu ya chini, haifungiki wala haifunguki. Walipoisafisha na kuifungua walikuta misumari na meno ya watu bado yamo.

Ukitoka nje ya lango leo, mbele yako kuna soko lenye paa la mbao lililojengwa karne ya 17, wanakaa mafundi wa kushona mahema na mapambo ya vitambaa, chale za rangi juu ya turubai, sindano kwa mkono. Ukigeuka kulia, ndio mtaa wa Tahtur-Rab', mtaa wa mafundi wa fanusi. Wiki chache kabla ya Ramadhani mtaa mzima huwa bati na vioo vya rangi. Watoto wa Misri hutembea nazo usiku wa Ramadhani, na hadithi ya mitaani inasema desturi ilianza siku ile al-Mu'izz alipoingia mji, watu wakampokea kwa taa. Siku hizi zimejaa za plastiki kutoka China, zina betri na zinaimba. Lakini fundi wa bati bado yupo na mkasi wake, anakata, anakunja, anatia lehemu, na kila fanusi mlango wake mdogo unafunguka ili mshumaa uingie.

Na wageni hupanda ngazi za lango hadi juu, kisha ngazi za mnara, nyembamba, zenye giza. Wanaokwenda Azhar mwaka huu, pandeni. Mtaona al-Azhar upande mmoja na ngome ya Salahuddin upande wa pili, na chini yenu pale pale palipofungwa kamba.

Sasa kama kuna maswali karibuni, akina mama mnaweza kuandika kwenye karatasi mkampa mtoto alete. Tuna kama robo saa hivi kabla wazee hawajaanza kutuangalia kwa jicho baya.